Majani ya malisho: jaribu kwanza, hukumu Septemba

Mfugaji wa Tabora, kabla hujajaza ekari nzima majani uliyosifiwa na jirani, yajaribu kwanza. Tenga vipande vya mita 3 kwa 3: majani ya tembo, brakiaria, majani ya Rhodes. Kila aina irudiwe sehemu nyingine ya shamba, maana kichanga cha juu na udongo mzito wa mbuga bondeni ni ardhi mbili tofauti kabisa. Samadi iwe sawa kote; ukikata, kata siku moja na upime kwa mizani. Ila Machi kila jani linapendeza! Subiri Septemba, vumbi likitimka. Fukua shina uone kama mizizi ina uhai au mchwa wameshaimaliza. Waonjeshe na ng'ombe: majani ya tembo yakikomaa, wanabagua na kuacha vijiti.