Panchi ya sikukuu ughaibuni: choya, ukwaju, tangawizi na jinsi ya kuifanya gesi isikimbie

Desemba ikifika huku ughaibuni simu zinaanza. Watanzania tunafungua na Uhuru tarehe 9, Wakenya wanafuata na Jamhuri tarehe 12, inakuja Krismasi, Mwaka Mpya, alafu Wazanzibari wanamalizia na Mapinduzi tarehe 12 Januari, kwa hiyo ni mwezi mzima ambao kila wikiendi kuna sebule ya mtu au ukumbi wa kukodi umejaa watu. Chakula hakina shida, kila jamii ina mama zake wa pilau na vijana wao wa kuchoma mbuzi hata kama nje kuna theluji. Ila vinywaji jamani! Unakuta msosi umepangwa vizuri mpaka raha, alafu pembeni kuna makopo ya soda na katoni ya maji, basi. Mimi naona hapo tunajinyima wenyewe, maana vitu vya kutengeneza panchi nzuri (yaani juisi iliyochanganywa na kinywaji cha gesi kwenye bakuli kubwa la kuchota) yenye ladha ya kwetu vipo karibu kila mji mkubwa, na bei yake ukipiga hesabu ni ndogo kuliko hizo soda.

Nianze na pombe, tulimalize hilo. Usiweke. Kwenye mikusanyiko yetu kuna Waislamu, kuna walokole, kuna mama mjamzito ambaye hajatangaza bado, kuna watoto wanaojichotea wenyewe, na kuna wanaoendesha gari saa nzima kurudi kwao usiku. Bakuli likiwa halina pombe watu wote wanakunywa kitu kimoja bila kuulizana maswali, na anayetaka chake atakuja nacho na kitakaa meza nyingine. Sasa hapa kuna mtego wa lebo: saida ya tufaa (cider) ukinunua Marekani kwa kawaida ni juisi tu isiyo na kilevi, ila ukiwa Uingereza hilo neno ni pombe kabisa, na huko huko Uingereza kuna tangawizi za chupa zenye kilevi zinazokaa rafu moja na zile za kawaida. Marekani nako kopo likiandikwa "hard" mbele ya jina, hiyo ni pombe hata kama limechorwa embe na nanasi. Ukimtuma mtu dukani mwambie asome asilimia kwenye lebo, asichukue kwa kuangalia picha.

Panchi yenyewe ni vitu viwili tu, juisi nzito unayoitengeneza siku moja au mbili kabla, na kitu cha gesi unachomimina wageni wakishafika. Ukielewa hivyo mengine yote unabadilisha unavyotaka. Juisi nzito lazima iwe kali kuliko unavyopenda kunywa, tamu zaidi, chachu zaidi, tangawizi iwashe zaidi, kwa sababu itaenda kuchanganywa na gesi na barafu itayeyuka humo humo. Ukiionja ikiwa imekaa sawa kabla ya kuchanganya, ujue mezani itakuwa maji.

Panchi ninayoipenda kuliko zote ni ya choya, ile rozela nyekundu ya maua makavu. Rangi yake peke yake ni sikukuu, na Wajamaika wao ndio kinywaji chao cha Krismasi miaka yote, wanaiita sorrel, kwa hiyo ukiwa London nenda maduka ya Wakaribiani kama kule Brixton, mwezi wa 12 imejaa tele. Marekani ingia duka la Wameksiko ulizia flor de jamaica, inauzwa kwenye mifuko au unapimiwa kwa uzito. Duka la Waarabu inaitwa karkade, kwa Wanigeria zobo, kwa Wasenegali bissap, zote ni choya ile ile. Usiende kununua kwenye maboksi madogo ya chai ya majani ya dawa, utalipa mara kadhaa kwa kiganja kimoja. Na viungo vivyo hivyo, hiliki, karafuu na mdalasini chukua duka la Wahindi, bei ya supamaketi kwa kichupa kile kidogo ni maumivu.

Kwa watu kama 15 hivi, chukua maji lita 2, tangawizi mbichi gramu 200 iliyopondwa (usimenye, osha tu vizuri), vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 6, hiliki 8 zilizopasuliwa. Chemsha moto mdogo dakika 20 nyumba inukie. Zima moto, ndio utie choya vikombe 2, funika, acha nusu saa. Usiichemshe choya yenyewe kwa muda mrefu maana inatoa ukakasi unaobaki kwenye ulimi. Chuja kwa kitambaa safi au chujio la chai, na wakati bado ina moto tia sukari vikombe 2, koroga mpaka iyeyuke yote. Ikipoa ongeza juisi ya nanasi lita 1, juisi ya machungwa lita 1, na ndimu 4, weka kwenye friji ilale humo. Kesho yake wakati wa kuandaa unaongeza maji ya gesi lita 4 na unapata kama lita 8, yaani glasi 32 za mililita 250. Piga hesabu ya glasi mbili kwa mtu mzima. Na kwa vile unajua kabisa ukialika 15 wanakuja 25, tengeneza juisi nzito mara mbili, nusu ibaki kwenye friji, ikihitajika unaongeza gesi tu pale pale.

Hiyo sukari ni ya panchi inayochanganywa na maji ya gesi yasiyo na utamu. Kama unatumia soda ya tangawizi au spraiti, punguza iwe kikombe kimoja au chini yake, kwa sababu soda tayari ina sukari yake ya kutosha. Na sukari iyeyuke mapema kwenye moto, usije ukamwaga sukari kavu kwenye bakuli lenye gesi, povu litapanda mpaka mezani na gesi yote itaondoka nalo.

Ukwaju ni wa pili, na kwa watu wa mwambao labda ndio wa kwanza maana bila ukwaju futari haijakamilika, kwa hiyo huu unafaa Idi kuliko kitu chochote. Kwa Wahindi au kwa Wathai kuna bonge lililoshinikizwa la gramu 400, hilo ndilo zuri. Kuna na ule wa kopo mweusi kama lami, huo una nguvu sana na ladha yake imeungua kidogo, mimi siutumii kwenye kinywaji. Bonge lote loweka kwenye maji ya moto lita moja na nusu, subiri nusu saa, ingiza mkono ukamue mpaka kokwa zibaki tupu, chuja mara mbili, tia sukari kama gramu 350, chumvi kidogo sana, na tangawizi iliyochemshwa. Huu mimina soda ya tangawizi kali badala ya maji ya gesi, utaona wenyewe wanavyorudia. Usiupikie wala kuuhifadhi kwenye sufuria ya alumini, uchachu wake unakula ile sufuria na ladha inageuka; tumia stili, glasi, au plastiki ya chakula. Na yale mabakuli ya udongo ya zamani yenye rangi za kung'aa ya kuning'iniza ukutani yaache ukutani, mengine rangi zake zina madini ya risasi na asidi inayatoa.

Pasheni mbichi huku ni ghali na ni vidogo, inaumiza moyo kwa mtu aliyekua anaokota chini ya mti. Tafuta pakiti zilizogandishwa kwenye friza za maduka ya Walatino, zimeandikwa maracuyá, ni rojo tupu bila sukari, pakiti mbili na juisi ya embe lita moja na maji ya gesi lita tatu, sukari kwa kuonja, umemaliza. Watoto ndio wanaipenda hii. Ubuyu pia unachanganyika, unga wake uliruhusiwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani 2009 kwa hiyo unaupata kwenye maduka ya vyakula vya afya, ila bei yake sio ya bakuli la watu 30, bora mtu akija kutoka nyumbani akubebee.

Walioko Uarabuni wao hawana haja ya kuhangaika, Muscat na Dubai karkade na ukwaju viko kila kona, na Vimto, ile shira nzito ya matunda ya chupa inayonywewa Ramadhani, ukiichanganya na maji ya gesi, ndimu na mnanaa ni panchi tayari. Wengi wanadhani ni kitu cha Kiarabu, kumbe ilianzia Manchester mwaka 1908. Walioko Ujerumani nao wamezoea kukuta juisi ya tufaa iliyochanganywa na maji ya gesi kila mgahawa, wakiongeza shira ya tangawizi na karafuu humo wamefika.

Maji ya gesi nayo yako aina nyingi, chukua ya kawaida kabisa yasiyo na ladha. Toniki achana nayo, ina kwinini, itaifanya panchi iwe chungu na watu hawatajua ni kwa nini. Na kama ulizoea Stoney Tangawizi, soda ya tangawizi ya kizungu nyingi ni laini mno haiwashi, tafuta zile za Kijamaika, ndizo zinazokaribia.

Sasa gesi. Hapa ndipo panchi nyingi zinapokufa, na sababu ni joto tu. Maji ya baridi ya friji yanashika gesi karibu mara mbili ya maji yaliyokaa chumbani, kwa hiyo ukimimina soda ya vuguvugu kwenye juisi ya vuguvugu ukitegemea barafu iokoe, gesi imeshaondoka kabla hujachukua upawa. Kila kitu kiwe baridi, juisi, soda, hata bakuli. Friji ikiwa imejaa sufuria za pilau, tumia balkoni au gereji, baridi ya huku angalau itusaidie kwa hilo, ila ikishuka chini ya sifuri usiziache chupa usiku kucha, zinaganda na za glasi zinapasuka. Mimina soda taratibu kwa ubavuni mwa bakuli, geuza kwa upawa mara moja au mbili kutoka chini, acha. Usikoroge kama uji. Na usichanganye yote kwa mpigo, changanya ya nusu saa, ikiisha unaongeza.

Barafu za vipande vidogo zinayeyuka haraka, afadhali ugandishe bonge moja kwenye chombo cha keki, na badala ya maji tumia hiyo hiyo juisi ya choya na vipande vya machungwa na komamanga, inayeyuka polepole na haipunguzi ladha. Kuna wanaopenda ile barafu kavu inayotoa moshi. Kwenye video inapendeza, lakini ile ni gesi iliyogandishwa ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, kipande kikiingia kwenye glasi ya mtoto akakimeza kinaunguza mdomo na tumbo. Kwenye bakuli la kunywa isiingie kabisa.

Wazee wetu pia tuwafikirie. Juisi ya balungi usiweke, inagongana na baadhi ya dawa za presha na za kolesto, na wazee wengi wanaokuja kutembelea watoto wao huku wanazitumia. Choya nayo inaweza kushusha presha, kwa hiyo mzee mwenye dawa mwambie kilichomo, aamue mwenyewe. Mwenye sukari mtengee jagi lake la juisi nzito kabla hujatia sukari, iandike kwa karatasi, mpelekee pale alipokaa na umwambie, "Shikamoo mama, hii ni yako haina sukari." Asije akakaa na maji tu huku wajukuu wanafurahia.

Watu wakiondoka, panchi iliyobaki gesi itakuwa imeisha lakini haitupwi kama ilikuwa kwenye barafu muda wote. Imimine kwenye vikopo vidogo vyenye vijiti, kesho watoto wana lambalamba. Iliyokaa mezani bila barafu zaidi ya saa mbili, hiyo mwaga. Juisi nzito ambayo haijaguswa na gesi inakaa kwenye friji siku nne tano, na kwenye friza mpaka shughuli inayofuata, ila acha nafasi juu ya chupa maana ikiganda inatanuka.