Cheti cha Ndoa Hakitoshi: Jinsi ya Kumlinda Mtoto Mwenye Wazazi wa Jinsia Moja Marekani

Wanandoa wengi wa jinsia moja wanaoishi Marekani huamini kwamba siku ile karani wa kaunti alipowapa cheti, mtoto wao naye alipata ulinzi. Si kweli. Ndoa inawalinda ninyi wawili. Mtoto ana hati zake, na aliye muhimu zaidi kuzishughulikia ni yule mzazi asiyemzaa. Mwongozo huu ni wa wanaoishi Marekani, wakiwemo Wakenya, Watanzania na Wakongo ambao nusu ya familia yao iko nyumbani.

Kwa nini sheria imefika hapa ilipo

Kesi iliyofungua mlango kwa nchi nzima ilianzia kwa watoto. April DeBoer na Jayne Rowse, wauguzi wa Michigan, waliwaasili watoto kila mmoja kwa jina lake peke yake, kwa sababu jimbo liliruhusu kuasili kwa pamoja kwa waliooana tu, na wao walikatazwa kuoana. Mmoja angefariki, mwenzake asingekuwa na haki yoyote juu ya mtoto aliyemlea tangu akiwa mchanga. Shauri lao liliunganishwa na la Jim Obergefell wa Ohio, aliyedai jina lake liandikwe kwenye cheti cha kifo cha mumewe, pamoja na mengine ya Kentucky na Tennessee. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kila jimbo lifungishe ndoa hizi na kuzitambua. Mwaka 2017, katika kesi ya Pavan dhidi ya Smith, mahakama hiyohiyo iliikataza Arkansas kumwacha mke wa mzazi nje ya cheti cha kuzaliwa, ilhali waume huandikwa bila maswali.

Juni 2022, mahakama ilipofuta haki ya kikatiba ya utoaji mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba uamuzi wa 2015 nao unapaswa kuangaliwa upya. Bunge likajibu kwa Sheria ya Kuheshimu Ndoa, iliyotiwa saini 13 Desemba 2022. Hapa watu huchanganya mambo. Sheria hiyo inailazimu serikali kuu na kila jimbo kutambua ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo lingine. Hailazimishi jimbo lolote kutoa leseni mpya. Kwa hiyo, kama mmeamua kuoana, msiahirishe bila sababu, na chukueni nakala tatu au nne zilizothibitishwa na ofisi ya kaunti. Fotokopi mtakayojipigia wenyewe haikubaliki karibu kokote. Angalieni pia muda wa kungoja: New York ni saa 24 baada ya kupata leseni, Texas ni saa 72. Leseni huisha muda wake, siku 60 New York na siku 90 Texas.

Kwa nini cheti cha kuzaliwa hakitoshi

Cheti cha kuzaliwa ni kumbukumbu ya ofisi. Si hukumu ya mahakama. Kinaonyesha nani aliandikwa, nacho kinaweza kupingwa mahakamani. Mwaka 2023 jaji mmoja wa Oklahoma aliamua kwamba mwanamke aliyekuwa ameolewa na mama mzazi, na ambaye jina lake lilikuwa kwenye cheti, hakuwa mzazi kisheria kwa kuwa hakumwasili mtoto. Mwanamume aliyetoa mbegu ndiye aliyetambuliwa.

Hukumu ya kuasili ni jambo jingine kabisa. Katiba ya Marekani inalitaka kila jimbo liheshimu hukumu za mahakama za majimbo mengine, na Machi 2016 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Alabama wa kukataa kutambua hukumu ya kuasili iliyotolewa Georgia. Ndiyo maana mawakili wa familia hizi huwaambia wateja waliooana, wenye majina yote mawili kwenye cheti, wamwasili mtoto wao wenyewe. Inaumiza kuambiwa umwasili mtoto uliyemkatia kitovu. Fanya hivyo hata hivyo, maana hati hiyo itamlinda mkihamia jimbo lolote.

Hatua kwa hatua

Anzeni kabla ya mimba. Kama mbegu inatoka kwa mtu mnayemfahamu, andikeni makubaliano na wakili kabla ya upandikizaji, na upandikizaji wenyewe ufanyike kwa daktari au kliniki. Katika baadhi ya majimbo, mtoaji mbegu hupoteza madai ya ubaba pale tu mbegu ilipopita kwa daktari. Ikifanyika nyumbani kwa bomba la sindano, rafiki yenu anaweza kuhesabiwa baba, na mahakama ikamtaka ajulishwe au aridhie kwanza. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha kesi zinazokwama. Hifadhini barua ya kliniki inayotaja tarehe na aina ya mbegu.

Mtoto akizaliwa, hakikisheni majina yote mawili yanaandikwa hospitalini. Kisha ulizeni hati ya hiari ya kukiri uzazi, yaani fomu ambayo ninyi wawili mnakubali kuwa wazazi wa mtoto kisheria. Majimbo kadhaa, yakiwemo California, New York, Massachusetts, Washington na Vermont, yanawaruhusu wenzi wa jinsia moja kuitia saini. Ni bure au karibu na bure, na siku 60 za kuifuta zikishapita ina nguvu sawa na hukumu. Hata hivyo, mawakili wengi bado hupendekeza kuasili juu yake, kwa kuwa hukumu ya kuasili imekwisha kupimwa hadi mahakama ya juu kabisa.

Ombi la kuasili hupelekwa katika mahakama ya familia au ya mirathi ya kaunti mnamoishi. Kwa kawaida mtahitaji cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya kliniki, ridhaa ya maandishi ya mzazi aliyezaa na alama za vidole za anayeasili. California, Colorado, New Jersey, Maine na Rhode Island zina njia fupi kwa familia za aina hii. Kwingineko mahakama inaweza kumtuma ofisa wa ustawi wa jamii kuikagua nyumba, jambo linaloongeza gharama na wiki kadhaa. Mwambieni wakili aombe mahakama iwaondolee ukaguzi huo, kwani hakimu mara nyingi ana uwezo wa kufanya hivyo akiombwa.

Makosa yanayorudisha mafaili nyuma ni madogo. La kwanza ni majina. Mtu wa Afrika Mashariki ana majina matatu kwenye pasipoti, mawili kwenye cheti cha ndoa, na jina la baba lililowekwa kama la ukoo kwenye leseni ya udereva. Amua mpangilio mmoja, kisha ambatisha kiapo kinachosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. La pili ni kuhama jimbo kesi ikiendelea. Mahakama inaweza kukosa mamlaka nanyi mkaanza upya. La tatu ni kutegemea nafuu ya kodi ya kuasili. Mamlaka ya kodi, IRS, haikubali gharama za kumwasili mtoto wa mke au mume wako, kwa hiyo msiziingize katika bajeti.

Kwa wanaume wawili wanaobebewa mimba na mwanamke mwingine, mkataba utiwe saini kabla kiinitete hakijapandikizwa, kila upande ukiwa na wakili wake. Pale jimbo linaporuhusu, ombeni amri ya mahakama ya uzazi kabla mtoto hajazaliwa. Sheria hapa hutofautiana mno, na jimbo analozalia mwanamke huyo ndilo lenye uzito mkubwa.

Hati za kuziba mapengo

Wakati hukumu inasubiriwa, andikeni wosia unaomtaja mwenzi kuwa mlezi wa mtoto, hati ya kumpa mamlaka ya matibabu, na idhini ya hospitali kumpa taarifa zako. Mashahidi wa wosia wawe wawili wasiorithi chochote. Akaunti ya kustaafu ya kazini aina ya 401(k) huenda kwa mwenzi wa ndoa, isipokuwa awe ametia saini kukataa. Bima ya maisha na akaunti binafsi ya kustaafu, IRA, hufuata jina lililo kwenye fomu, hata kama ni la kaka uliyemwandika miaka mingi iliyopita. Kwa kawaida mafao ya mjane au mgane ya hifadhi ya jamii ya serikali kuu, Social Security, yanahitaji ndoa iliyodumu angalau miezi tisa.

Mwenzi akiwa Afrika Mashariki

Uhamiaji wa Marekani hupima ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Kenya, Tanzania na Uganda hazifungishi ndoa hizi, kwa hiyo njia ni mbili: fomu I-129F ya kumwombea mchumba viza, au kuoana mahali zinaporuhusiwa, kama Afrika Kusini, ambako ni halali tangu Novemba 2006, kisha fomu I-130 ya kumwombea mke au mume. Harusi ya mtandaoni ambayo hamkuwa pamoja haihesabiwi mpaka mkutane kimwili baada yake. Anayeomba kwa I-130 kwa kawaida baadaye hutakiwa kuonyesha kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu.

Tatizo kubwa ni ushahidi. Waliolazimika kuficha uhusiano hawana picha za harusi ya ukumbini wala barua za mashangazi. Kusanyeni tiketi za safari, mihuri ya pasipoti, risiti za M-Pesa na kumbukumbu za simu kwa miaka yote, kisha andikeni kiapo kinachoeleza kwa nini mlijificha, mkitaja sheria inayokataza mapenzi ya jinsia moja: Kenya kifungo hadi miaka 14, Tanzania hadi maisha, Uganda sheria ya 2023 dhidi ya ushoga. Kabla ya kutuma, tazameni tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa wa fomu. Toleo la zamani hurudishwa bila kusomwa.

Ukisafiri nyumbani na mtoto peke yako, beba barua ya ridhaa ya mzazi mwenzio iliyothibitishwa na mthibitishaji wa umma. Iandike kwa majina, namba za pasipoti, tarehe za safari na namba ya simu, bila kueleza uhusiano wenu. Pasipoti ya Marekani haionyeshi majina ya wazazi wa mtoto. Hukumu ya kuasili na cheti cha ndoa viache kwa wakili, na nakala zake uzihifadhi mtandaoni kwa nenosiri, si kwenye simu utakayoikabidhi uwanja wa ndege.