Umebaki Dar sikukuu? Namna ya kuila wiki nzima bila kushinda ndani na rimoti

Kuanzia tarehe 22 hivi Dar inaanza kupumua. Wachaga wameshapanda mabasi kwenda kuhesabiwa, wenye kwao Tanga na Mbeya nao wameondoka, Ubungo inapitika kama barabara ya kijijini, na wewe umebaki, labda nauli imepanda, labda bosi kakubana, labda kwenu ndo hapa hapa Temeke na huna pa kwenda kuhesabiwa. Usijionee huruma. Hii wiki ya Krismasi mpaka Mwaka Mpya ndo wiki pekee ambayo mji huu unaweza kuuzunguka kwa siku moja na nguvu zikabaki. Nimekula sikukuu hapa miaka kama kumi sasa kwahiyo nakupa ninavyofanya, mengine nimejifunza kwa hasara.

Kwanza kabisa, usianze na yale mabango makubwa. Mwaka juzi nilitoa elfu thelathini kwenye shoo moja, ukumbi siutaji, msanii alipanda jukwaani saa tisa usiku akaimba nyimbo nne juu ya sidii, na katika hizo nne moja na nusu tuliimba sisi tuliolipa. Nikarudi home nimevimba miguu na sina hela ya chipsi. Tangu hapo nina sheria yangu, kama tangazo limejaa picha za wasanii kumi na saa ya kuanza haijaandikwa, mi siendi.

Sasa vitu vizuri unavijuaje? Vingi havitangazwi mitandaoni au vinatangazwa siku hiyo hiyo. Sikiliza gari la matangazo linavyopita mtaani, usizibe masikio, lile gari linataja ukumbi, bendi na kiingilio. Nenda kijiwe cha bodaboda jioni uulize "oya wazee, leo wapi kuna kitu?" maana wale ndo wanaobeba watu usiku wanajua wapi kumejaa na wapi watu wamerudi saa tano wakilalamika. Alafu pitia status za watu wazima wa mtaa wenu, mwenyekiti wa kikoba, mama wa kwaya, kocha wa timu ya mtaa, hao ndo wenye ratiba ya mji.

Na piga simu kabla ya kutoka. Sehemu kama Nafasi Art Space kule Mikocheni, Alliance Française na Goethe-Institut pale Upanga ni nzuri sana mwaka mzima, maonyesho, muziki, filamu, vingi bure au bei ya kawaida, ila wiki hii wenyewe nao wana sikukuu zao. Usifunge safari kutoka Gongo la Mboto ukaenda kusalimiana na mlinzi getini.

Tarehe 24 usiku, hata kama sio mtu wa kanisa sana, nenda kasikilize kwaya. Mjini kuna Azania Front ya Walutheri na Mtakatifu Joseph ya Wakatoliki, majengo yote mawili ya zama za Mjerumani, yanatazamana na bandari, na sauti ndani yake inazunguka kwa namna ambayo ukumbi wa kawaida hauwezi. Ukipata sehemu yenye kikundi cha tarumbeta kaa karibu nacho, zile shaba zikianza wimbo wa Krismasi unasikia kifuani kabla ya masikioni. Wahi. Ukifika saa ya ibada utasimama nje na watoto wanaochezea simu. Na weka sadaka jamani, usiende kula muziki wa watu bure.

Krismasi yenyewe asubuhi mji wa Posta ni mtupu, na hii ndo zawadi ambayo watu hawaijui. Panda mwendokasi mpaka Kivukoni utembee kwa miguu. Pita Sokoine uangalie Boma la Kale la enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860 hiyo, panda Samora mpaka pale Sanamu ya Askari ambayo iko hapo tangu 1927, ukaisome vizuri maana siku za kawaida unaipita unakimbizana na gari. Ukitaka makumbusho, Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, na Kijiji cha Makumbusho kiko Kijitonyama, kile ambacho stendi yetu imechukua jina lake na bado robo tatu ya wanaoshuka hapo kila siku hawajawahi kuingia. Kipo tangu miaka ya 1960, kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, unaingia mpaka ndani unainama mlangoni, na siku zikipangwa ngoma unazikuta hapo. Uliza kama kuna ngoma kabla hujaenda, bila ngoma ni kizuri lakini watoto watachoka mapema.

Haya, Boksing dei. Bongo tumeitafsiri hii siku kivyetu, kuna mapambano ya ngumi kabisa. Ukipenda ngumi nenda, mi napita tu hapo kwasababu jioni yangu nimeshaitunza kwa dansi.

Hapa ndo nataka ukae unisikilize. Kama hujawahi kukaa mbele ya bendi ya dansi ya zamani inayopiga laivu, hii wiki usiache. Msondo Ngoma walianza kama NUTA Jazz 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadilika jina na bendi inabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mwisho Msondo. Mlimani Park, hao ndo Sikinde, wakazaliwa 1978, baadae wakawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar. Hawa wawili ni kama Simba na Yanga, watu wana upande wao mpaka kaburini, na wanamuziki wenyewe walikuwa wanahama huku na huku. Marehemu Muhidin Gurumo aliyefariki 2014 kaimba pande zote mbili na hakuna upande uliokubali kumwachia mwenzake.

Namna ya kwenda dansi ni hivi. Tangazo likisema saa mbili, wewe toka nyumbani saa tatu na nusu, ukiwahi utakuta wanafunga nyaya na mmoja anasema "cheki, cheki" kwa saa nzima. Usikae mbele ya spika, kaa pembeni upande wa wapuliza matarumbeta na saksafoni. Vaa viatu vilivyofungwa vizuri, ndala hapana. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, maneno yanatoka moja moja, mtu analalamika kuhusu mke au ndugu au mjini, hapo usinyanyuke kwa pupa, kaa usikie. Kuna mahali katikati magitaa yanabadilika, solo inaanza kuzungukazunguka, mpiga drams anakaza, na utaona meza zote zinasimama kwa mpigo bila mtu kuambiwa. Hapo sasa ndo unaingia uwanjani.

Sikukuu moja nilikaa meza moja na mzee, shati jeupe limechomekewa, viatu vinang'aa, leso imekunjwa pembe nne mfukoni, mkewe kaweka mkoba mapajani hauachii. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho kwa mpiga besi. Wimbo ulipobadilika akamshika mke mkono wakaenda katikati na ule mkoba ukiwa begani, wakacheza hatua ndogo ndogo, hawaruki hawatoki jasho, mguu unagusa chini kama wanaogopa kuamsha mtoto. Mi nilikuwa natoka jasho kama fundi zege. Aliporudi akaniambia, "kijana, hii hainyanyuliwi magoti." Nimeshika hilo mpaka leo.

Kitu kingine, chenji. Kabla ya kwenda dansi au taarabu vunja hela yako iwe buku buku na buku mbili mbili. Msanii akikugusa unaenda kumtunza, na kwenye taarabu ndo usiseme, kutunza ni nusu ya shoo. Hukimbii ukampa kama unalipa nauli. Unanyanyuka taratibu, noti imeshikwa juu kila mtu aione, unacheza mpaka alipo mwimbaji, unamwekea kisha unarudi unacheza vile vile. Na uangalie ubeti upi unautunza! Kule mipasho haiendi hewani, kuna mtu ukumbini anaimbiwa moyoni mwako, na yeye anajua, na shoga zake wanajua. Dada mmoja namfahamu alitunza ubeti wa mume kuibiwa kwa kupenda tu sauti, kesho yake jirani hakumsalimia mpaka Pasaka.

Singeli je? Hiyo huitafuti, inakutafuta. Ukikaa Manzese, Tandale, Mburahati, Mbagala, wiki hii kutakuwa na turubai mahali na spika zimepangwa kama ukuta na dogo mmoja na laptopu anakimbiza mdundo mpaka unajiuliza kama mashine imeharibika. Ni muziki wa hapa hapa Dar, umetoka kwenye mchiriku, ule muziki wa kinanda kidogo, na vigodoro, zile sherehe za kukesha za uswahilini, na sasa unapigwa kwenye matamasha makubwa Ulaya. Nenda na mwenyeji wa mtaa ule, simu iweke mfuko wa mbele, hereni za dhahabu acha nyumbani, na ukiona vijana wameanza kusukumana kwenye kona usisogee kuangalia.

Wenye watoto, hapa niko siriasi. Usimpeleke mtoto disko toto, yale madisko ya watoto ya ukumbini. Sikukuu ya Idi 2008 watoto walikufa ukumbini Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana, na polisi hutoa katazo karibu kila sikukuu lakini bado kuna mjanja atafungua ukumbi na kuuza juisi. Mpeleke ufukweni Koko asubuhi, saa mbili saa tatu, mihogo ndo inatoka kwenye mafuta, pilipili na kachumbari bado mbichi, bahari imetulia. Ikifika saa tisa alasiri geuza, maana hapo magari hayaendi mbele wala nyuma na watoto wanaopotea wanatangazwa kwenye spika. Muandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, sio kwenye karatasi mfukoni. Kama Koko kumekera, pale Magogoni panda pantoni uende Kigamboni, pantoni lenyewe kwa mtoto ni sherehe tosha.

Tarehe 27 mpaka 30 ni siku za kununua sanaa, hela yako imebaki kidogo kwahiyo patana vizuri. Sehemu ya wachoraji wa picha za Tingatinga iko Oysterbay jirani na Morogoro Stores, sehemu ile ile ambayo Edward Saidi Tingatinga alikuwa anauza picha zake kuanzia 1968, mtu wa Tunduru, alichora kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya hadibodi, na miaka minne tu baadae akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Wanafunzi na ndugu zake ndo waliendeleza. Nunua kwa mchoraji aliyekaa chini anachora, muulize amejifunza kwa nani, atakwambia ukoo wote wa rangi hizo. Na KABLA hujaikunja gusa kwa kidole pembeni! Ile rangi inachelewa kukauka, mi nilikunja twiga wangu ndani ya gazeti nikampeleka Mbezi kwenye daladala, nilipomkunjua shingo imehamia kwenye ukurasa wa michezo.

Mwenge kwa wachongaji angalia kitu kimoja, mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito kuliko unavyotegemea, ukiunyanyua mkono unashtuka, na mara nyingi mchongaji anaacha ka-mstari ka mti mweupe pembeni. Lowanisha kidole usugue chini ya kinyago, kikitoka cheusi hiyo ni dawa ya viatu, weka chini taratibu uende banda lingine bila kugombana.

Mkesha wa Mwaka Mpya patana na boda au bajaji wako mchana, bei ya kwenda na kurudi, maana ikigonga saa sita usiku bei inakuwa ya kilio. Kuchoma matairi na kufyatua fataki bila kibali polisi hawataki, na ukweli harufu ya tairi haijawahi kumfurahisha mtu. Kama kikoba chenu kinavunjwa mwezi huu basi sherehe unayo tayari, kuna mchele, kuna mafuta, kuna mtu ataleta spika, we beba sahani yako na usichelewe kwenye nyama.

Tarehe moja jioni usilale. Tafuta uwanja wa mtaa wenu kwenye mechi ya waliooa na wasiooa, imeandikwa saa kumi itaanza kumi na moja, refa ni fundi seremala, waliooa wana vitambi na wanabadilishana kila dakika tano, na zawadi ni mbuzi kafungwa nyuma ya goli anatafuna nyavu.