SOMO: Kufunga STC-1000 kuendesha friji ya kuchachushia bia nyumbani

Salaam wakuu.

Bia inapochachuka hutoa joto lake yenyewe. Chumba cha Dar kikiwa na nyuzi 30, ndani ya ndoo mnaweza kufika 33 na kuendelea, wakati chachu ya kawaida ya ale (aina ya bia inayochachushwa bila baridi kali) inataka 18 hadi 21. Ndipo mtu anapopata bia yenye harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi na ukali wa spiriti kooni, halafu analaumu kimea au maji. Kimea hakina kosa. Dawa ni friji ya mtumba na kidhibiti joto kiitwacho STC-1000.

Friji peke yake haitoshi, kwa sababu thamostati yake imetengenezwa kwa ajili ya maziwa na mboga. Hata ukiizungusha mpaka mwisho wa joto, bado itakuwa baridi mno kwa chachu ya ale. STC-1000 inasoma joto la bia kupitia sensa, kisha inaiwasha na kuizima friji nzima kutoka nje. Ina upande wa pili pia, wa hita, kwa wenzetu wa Njombe, Mbeya na Limuru.

Kabla ya bisibisi: huu ni umeme wa 230V. Kama hujawahi kufungua plagi na kujua waya upi ni wa moto, upi nyutro na upi ethi, mpe fundi umeme somo hili alisome, umlipe. Haimchukui muda. Na kazi yote ifanyike plagi ikiwa imechomolewa na iko mbele ya macho yako. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi.

Vitu vya kuwa navyo

STC-1000 yenyewe na sensa yake; boksi la plastiki lenye nafasi ya kutosha; soketi mbili za single; plagi ya pini tatu na waya wake wa kori tatu wa 1.5 mm², vipande vya waya wa 1.5 vya rangi tatu, konekta, kibano cha kuushika waya pale unapoingia kwenye boksi, maltimita.

Soma lebo ya kidhibiti kabla hujakilipia. Kuna cha 220V, cha 110V kwa soko la Marekani, na vya 12V na 24V. Sura ni moja. Cha 110V ukikichomeka kwenye umeme wetu utasikia mlio mmoja, na hutausikia wa pili.

Kwenye plagi weka fyuzi ya 5A. Friji ndogo na hita ya wati 60 haviifiki. Fyuzi ya 13A inayokuja na plagi ni kubwa kuliko rilei za kifaa hiki (swichi zake za ndani zinazojiwasha na kujizima), ambazo mwisho wake ni 10A.

Hatua ya 1: Boksi

Kata tundu la mstatili, milimita 71 kwa 29, kidhibiti kiingie kwa mbele, kisha kibane kwa nyuma na vishikio viwili vya plastiki vilivyokuja nacho. Tundu likizidi kidogo, kitacheza. Kata dogo, ongeza kwa tupa. Toboa pia pa kupitisha waya wa umeme na pa kupitisha sensa, ila matundu hayo yasikae karibu: waya wa sensa usitembee pamoja na nyaya za moto.

Hatua ya 2: Elewa namba za nyuma

Hapa ndipo pa kutulia. Nyuma kuna skrubu 8. Namba 1 na 2 ni umeme wa kukiwasha kidhibiti. 3 na 4 ni sensa. 5 na 6 ni rilei ya joto. 7 na 8 ni rilei ya baridi. Linganisha na mchoro wa kwenye kifaa chako, maana vipo vya kufanana navyo ambavyo mpangilio wake ni tofauti.

Sasa, jambo linalowapoteza watu wengi: 5-6 na 7-8 hazitoi umeme. Rilei ni bawabu wa geti, kazi yake kufungua na kufunga. Gari unalileta wewe. Kwa hiyo waya wa moto lazima uupeleke mwenyewe kwenye 5 na kwenye 7, na utokee 6 na 8 kwenda kwenye soketi. Ukilishika hili, mchoro wote unaweza kuuchora bila kuangalia popote.

Hatua ya 3: Kuunga nyaya

Moto (kahawia, au nyekundu kwa nyaya za zamani): kutoka plagi uingie kwenye konekta. Kwenye konekta hiyo toa nyaya tatu: moja kwenda namba 1, moja namba 5, moja namba 7.

Kutoka namba 6, waya uende kwenye L (skrubu ya moto) ya soketi ya HITA. Kutoka namba 8, uende kwenye L ya soketi ya FRIJI. Andika majina hayo juu ya soketi kwa kalamu isiyofutika, leo, kabla hujasahau.

Nyutro (bluu, au nyeusi kwa zile za zamani): kutoka plagi mpaka konekta ya pili, kisha nyaya tatu: namba 2, N ya soketi ya hita, N ya soketi ya friji. Nyutro haipiti kwenye rilei hata kidogo.

Ethi (kijani na njano): moja kwa moja kwenye soketi zote mbili. Kama boksi ni la chuma, boksi nalo lipate ethi yake. Kidhibiti chenyewe hakina skrubu ya ethi, usiitafute.

Sensa: 3 na 4, upande wowote, haina chanya wala hasi. Ila ukikosea ukapeleka waya wa moto kwenye 3 au 4, nenda kanunue kingine.

Menya waya milimita 6 au 7 tu, sokota nyuzi zake vizuri, kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa mkono. Unaochomoka sasa ungechomoka usiku friji ikitetemeka.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kuchomeka

Weka maltimita kwenye mlio, yaani pale inapolia ncha zake mbili zikiwa zimeungana. Kati ya pini ya moto na ya nyutro ya plagi: isilie. Kati ya moto na ethi: isilie. Nyutro na ethi: isilie. Pini ya ethi na tundu la ethi la kila soketi: ilie. Pini ya moto na tundu la moto la soketi zote mbili: isilie, kwa kuwa rilei bado hazipitishi umeme. Moja ikikataa, rudi hatua ya 3. Zikikubali zote, funga kifuniko, ndipo uchomeke.

Hatua ya 5: Jaribu kwa taa, friji isubiri

Chomeka taa ya mezani kwenye kila soketi. Bonyeza kitufe cha S na ukishikilie kwa sekunde kama tatu mpaka itokee F1. Mshale unakupeleka F2, F3, F4. Kubadili thamani, shikilia S huku ukibonyeza mshale. Ukimaliza, gusa kitufe cha kuwashia mara moja ili kihifadhi. Usipokigusa, kinarudi kwenye namba za zamani, na watu hudhani kifaa ni kibovu.

F1 ni joto unalolitaka. F2 ni tofauti inayoruhusiwa kabla hakijafanya chochote. F3 ni dakika za kuipumzisha kompresa. F4 ni marekebisho ya sensa.

Weka F1 nyuzi 19 na F2 0.5. Tumbukiza sensa kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri. Taa ya hita iwake, na kioo kisome karibu na 0. Kikisoma 0.8, F4 iwe -0.8. Kisha ishike sensa kiganjani: taa ya hita izime na alama ya baridi ianze kumeta. Kumeta ni F3 inahesabu. Dakika zikiisha, taa ya friji inawaka.

Usiwe na pupa ya kupunguza F3. Kompresa iliyozimwa sasa hivi bado ina presha upande mmoja. Ukiilazimisha kuanza hapohapo inakwama, inapata moto, na kwa friji ya mtumba huo ndio mwisho wake. Mimi naweka dakika 5, na 10 kwa friji nzee.

Hatua ya 6: Sensa ikae wapi

Ibandike ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, kisha ifunike kwa kipande cha sponji au godoro na tepu juu yake. Sensa ikining'inia hewani, friji itawaka na kuzima siku nzima kwa kufuata hewa, na kila ukifungua mlango itashtuka, huku katikati ya ndoo bia inaendelea na joto lake. Tunachopima ni bia.

Thamostati ya friji izungushe kwenye baridi ya mwisho ili isimwingilie bosi mpya. Boksi libaki nje, maana ndani ya friji kuna unyevu. Waya wa sensa ni mwembamba, unapita kwenye raba ya mlango bila shida.

Hita, kwa mnaoihitaji, iwe mkeka wa kupasha au taa ya kauri isiyotoa mwanga. Balbu ya kawaida inapasha, lakini mwanga unaharibu vitu vya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na kuipa bia harufu mbaya ya kicheche. Ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za kahawia.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Mwanza: Mkuu shikamoo. Nimefunga, kioo kinawaka, nasikia "tak" ya rilei, ila friji haiwaki kabisa. Kifaa kibovu?

Marahaba. Kifaa kizima. Hujapeleka waya wa moto kwenye namba 7. Geti linafunguka, gari hakuna. Chomoa, toa waya kwenye konekta ya moto uende 7, na wa pili uende 5.

Mdau, Kigamboni: Kwa nini umesema soketi mbili za single? Nina dabo moja nzuri tu, na kwenye video Mmarekani anavunja kipande cha shaba pembeni, pande mbili zinatengana.

Soketi za Marekani zina kile kipande kwa makusudi. Dabo zetu za pini tatu, za mtindo wa Uingereza, pande zote mbili zinalishwa na skrubu moja ya L, na hakuna pa kuvunja. Ukitumia dabo, hita na friji vitawaka pamoja na kuanza kushindana. Ihifadhi kwa kazi nyingine.

Mdau, Morogoro: Kaka, kwangu imeandika EE na inalia.

Haisomi sensa. Angalia skrubu 3 na 4, mara nyingi waya umebanwa kwenye plastiki badala ya shaba. Kama umekaza vizuri na bado, pima sensa kwa maltimita: kwenye nyuzi 25 iwe karibu na kiloomu 10. Isiposoma kitu, waya umekatika, pengine mlangoni.

Mdau, Nakuru: Stima kwetu inapotea kila siku. Settings zinapotea pia? Na fridge guard nikae nayo wapi?

Namba hazipotei. Umeme ukirudi, kinasubiri dakika za F3 kwanza kabla ya kuwasha friji, kwa hiyo kompresa iko salama kwa hilo. Gadi ya friji iweke kati ya ukuta na boksi. Ukiiweka baada ya boksi, kila STC inapoita baridi gadi nayo inaanza kuhesabu upya, unangoja mara mbili. Jambo lingine: chagua friji ya kizamani yenye kitasa cha kuzungusha. Zile za vitufe na kioo, nyingine umeme ukikatwa na kurudi zinasubiri mtu azibonyeze, na STC haina kidole.

Mdau huyohuyo: Asante sana. Na sheria je?

Kwenu Kenya, sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa kutengeneza kileo, si kuuza peke yake. Usiichukulie kirahisi. Uingereza iliondoa leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963, mradi huuzi. Kwa Tanzania, nenda kwa ofisa biashara wa halmashauri yako kabla hujanunua ndoo. Na nyie mnaotaka seti hii kwa mtindi, inafaa bila kubadili waya wowote: F1 nyuzi 43, tumia soketi ya hita peke yake.

Mdau, Leicester: Nataka kuitumia kuendesha hita ya sufuria ya kuchemshia kimea, wati 2,750. Inawezekana?

Hapana. Wati 2,750 kwa 230V ni karibu 12A, rilei mwisho wake ni 10A. Itaungua, tena inaweza kuungua ikiwa imeganda inapitisha umeme, sufuria ichemke bila kuzimwa. Kazi hiyo inataka kidhibiti cha PID (kinachoongeza na kupunguza nguvu ya hita chenyewe) na rilei ya elektroniki ya 25A au 40A iliyofungwa kwenye bati nene la alumini la kutoa joto, na swichi ya kukata umeme kwa mkono, kwa sababu rilei hizo nazo zikifa hupenda kufa zikiwa zinapitisha umeme. Nitaliandikia somo lake.

Mdau, Tanga: Mzee wangu, mimi friji sina na sitegemei kuipata mwaka huu. Niache?

Tafuta chachu ya kveik. Ni ya wakulima wa Norway, inachachuka vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40 bila kuleta ule ukali. Kwa joto la Tanga weka ndoo kivulini, ifunike mwanga usiingie, basi. Hii seti yote huihitaji.