Somo: Kumtafutia mchuuzi njia fupi kwa nyuroni 100

Wakuu, leo tunajenga kwa Python mtandao wa neva (nyuroni za kihesabu zilizounganishwa) ambao wanasayansi John Hopfield na David Tank waliuchapisha mwaka 1985. Mchuuzi apite miji 10, kila mmoja mara moja, arudi alikoanzia, kwa njia fupi kuliko zote. Njia zipo 181,440.

Hatua ya 1: Chora jedwali la 10 kwa 10. Kila chumba ni nyuroni moja, yenye thamani kati ya 0 na 1. Mistari ya kulala ni miji, safu za kusimama ni zamu. Nyuroni ya mji wa tatu katika zamu ya 4 ikikaribia 1, basi mji huo unapitiwa wa nne.

Hatua ya 2: Panga adhabu, yaani namba za kuonyesha kila kosa, au urefu wa njia, lina uzito gani. Kazi yote iko hapa, mengine ni hesabu tu. A inazuia mji kuchukua zamu mbili, B inazuia zamu kubeba miji miwili, C inadhibiti jumla ya nyuroni zinazowaka, D ni umbali. Wenyewe waliweka A na B 500, C 200, D 500. Ukipandisha D mno, mtandao utaruka miji ili ubane umbali. Ukiishusha mno, unapata njia halali inayozunguka ovyo. Utapapasa tu.

Hatua ya 3: Nyuroni zote zianze karibu sawa, kisha zitikise kidogo kwa namba za bahati nasibu. Njia moja huandikika kwa namna 20 kwenye jedwali (mji wowote wa kuanzia, pande mbili). Bila kutikiswa, mtandao hauna sababu ya kuchagua mojawapo.

Hatua ya 4: Sogeza kila nyuroni taratibu kule adhabu inakopungua, pitisha kwenye tanh (fomula ya kubana namba, hapa ikirekebishwa ibaki kati ya 0 na 1), rudia hadi zitulie. Ukikuta mstari mtupu, yaani mji usio na zamu, anza upya.

MASWALI

– Mkuu, data ya kufunzia naipata wapi?
Hakuna. Uzito wa miunganisho kati ya nyuroni unatokana na umbali na adhabu. Kufunza kwa mifano kwenye fumbo hili kulikuja na mitandao ya neva iitwayo Pointer Networks, 2015.

– Wangu unagoma, njia halali ni chache mno.
Si wewe tu. Watafiti Wilson na Pawley waliurudia mwaka 1988, yakawakuta hayo hayo. Punguza D kwanza.

– Nina bodaboda wa kusambaza mizigo, niutumie?
Hapana! Chukua OR-Tools, programu ya Google ya kupanga njia, ni ya bure. Programu ya Concorde ilishamaliza fumbo la vituo 85,900 bila nyuroni hata moja.