Bendiksi ya stata kwenye trekta kuukuu: kuitoa, kuisafisha na kuibadilisha

Stata, yaani mota ya kuwashia injini, ikilia tu na injini isizunguke, usikimbilie dukani Malindi mjini. Kwenye Ferguson TE20, zile za kijivu zilizoundwa kati ya 1946 na 1956, na matrekta mengine mengi ya rika lake, hakuna kinachoisukuma pinioni, ile gia ndogo ya stata, kwenda mbele. Mota inapoanza kuzunguka kwa kasi, pinioni huruka yenyewe juu ya uzi wa skrubu wa bendiksi (kifaa cha kwenye shafti ya stata chenye pinioni na springi) hadi ikaume meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Kwa hiyo betri iliyochoka, au terminali zilizoota unga wa kijani, huleta dalili zilezile za bendiksi mbovu. Pima kwanza: volti za betri ya 12 zikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuwasha, anza na betri na waya zake kabla ya kulaumu bendiksi.

Fungua waya wa betri ulioshikwa na bodi kabla ya mwingine. Kwenye matrekta mengi ya Uingereza ya zamani huo ni wa chanya, si hasi, basi fuata waya wenyewe, usiangalie rangi. Toa waya mnene wa stata, kisha boliti za kuishikilia. Spana za inchi ndizo zinazokaa vizuri hapa. Za milimita hula kona za boliti. Stata ni nzito, iwekee mkono chini kabla ya boliti ya mwisho.

Sasa chungulia kwa tochi kwenye tundu iliyoachwa. Zungusha injini polepole kwa hendeli, ukiwa umezima swichi ya moto, ukague meno yote. Injini ya silinda nne husimama karibu kila mara sehemu mbili zinazokabiliana, ya silinda tatu sehemu tatu, na hapo ndipo meno huliwa. Ncha zilizochubuka kidogo zinasawazishwa kwa tupa. Yakiwa yamelika nusu, bendiksi mpya itaharibika upesi, na kubadilisha ringi ya flaiwili maana yake ni kutenganisha injini na giaboksi.

Funga stata kwenye jiriwa. Upande wa makaa (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme), chini ya kifuniko kidogo, stata nyingi za Lucas zina ncha ya shafti ya mraba: ishike kwa spana ili shafti isizunguke unapofungua nati ya mbele. Nyingine zina sekilipu, ringi ya kubana, nyuma ya kikombe badala ya nati. Bana springi kubwa kwa klempu kwanza, maana ikiruka inaweza kutoa jicho. Panga kila kipande kwenye kitambaa kwa mfuatano kilivyotoka. Ringi bapa (washa) moja ikigeuzwa, pinioni haitafika.

Mara nyingi utakuta uzi umejaa grisi iliyochanganyika na vumbi jekundu la Marafa, au kutu ya upepo wa Mambrui. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, kisha jaribu pinioni kwa mkono. Ikipanda na kurudi bila kukwama, na springi haina ufa, irudishe. Usipake grisi hata kama fundi mwenzako atakucheka, ndiyo iliyoikwamisha.

Ukinunua mpya, linganisha idadi ya meno, unene wa shafti na upande inaozunguka. Tikisa shafti pia. Ikicheza, badilisha bushi inayoishikilia shafti. Ya shaba nyeusi hulowekwa kwenye oili nyepesi ya injini saa 24 kabla ya kuigonga ndani.

Kabla ya kufunga, piga msasa uso wa stata na wa injini hadi chuma king'ae, kwani umeme hurudi kupitia hapo. Ijaribu kwenye jiriwa sekunde mbili tu, kwa sababu bila mzigo hukimbia kupita kiasi. Ikisharudi mahali pake, injini ikikataa kuwaka subiri isimame kabisa ndipo uwashe tena. Kubonyeza huku flaiwili ingali ikiyumba ndiko kunakovunja meno.