Jinsi ya kufundisha ujasiriamali kwa kuuza kweli, na hesabu ya jioni inayowakwamisha wengi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu aliyepewa kikundi cha mchanganyiko: wanafunzi wa sekondari pamoja na kina mama ambao hawakupata nafasi ya kusoma. Walikuwa wiki ya tatu wakiandika mpango wa biashara, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuza kitu. Tuliweka makaratasi kando tukaanza upya hivi.

Hatua ya 1: Gawa vikundi

Watu wanne au watano. Wakifika wanane, nusu watakuwa watazamaji. Usiwatenge wanafunzi huku na kina mama kule.

Hatua ya 2: Anza na walichonacho

Swali la "una wazo gani la biashara?" huwanyamazisha watu, hasa waliozoea kuambiwa hawajui kitu. Saras Sarasvathy, aliyechunguza namna wajasiriamali wazoefu wanavyofikiri, alieleza mwaka 2001 kwamba wao huanzia kwenye vilivyo mkononi: mimi ni nani, najua nini, namjua nani. Uliza maswali hayo matatu kwa mdomo, na umpe kila mtu muda wa kutosha. Aliyelea wadogo zake anajua kupanga matumizi. Anayetumia kiti cha magurudumu anajua njia zisizopitika, na anajua nani angelipa ili aletewe bidhaa mlangoni. Hayo ni maarifa ya biashara, na mwenye nayo anastahili kusikia yakiitwa hivyo mbele ya wenzake.

Hatua ya 3: Toa mtaji mdogo, wa kweli

Taslimu, si wa kuigiza. Kipimo changu ni kimoja: kiasi ambacho kikipotea chote hakuna atakayeumia. Hasara ibebwe na mradi. Usimwambie kamwe mtu asiye na akiba akope ili ajifunze. Kosa la darasani halipaswi kumfuata nyumbani likiwa deni.

Hatua ya 4: Wauze ndani ya siku saba

Wawauzie watu wasiowajua, maana ndugu hununua kwa huruma. Wewe usiende nao.

Hatua ya 5: Hesabu ya jioni

Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima na kikundi changu cha kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa.

Walitengeneza sabuni ya maji. Mtaji 100 uliisha wote kwenye malighafi na chupa, wakapata chupa 40, wakapanga kuuza kila moja kwa 4. Zilipoisha, daftari lilionyesha mauzo ya 160, faida 60. Wakashangilia. Tulipofungua kopo la fedha tukakuta 92. Yaani hata mtaji wenyewe haukutimia, na kila mmoja akaanza kumtazama mwenzake kwa shaka.

Hakuna aliyeiba. Tulirudi nyuma chupa moja baada ya nyingine hadi jua likazama, tukapata mambo matatu. Chupa 9 zilikopeshwa na zikaandikwa kama zimeuzwa: 36. Chupa 5 zilikwenda nyumbani kwa wanakikundi: 20. Nauli ya 12 ilitolewa kwenye kopo bila kuandikwa. Jumla 68, ndiyo iliyopungua. Faida ya kweli ilikuwa 48, nayo ni iwapo wadaiwa wote wangelipa na zile chupa 5 zingelipiwa. Wadaiwa wasipolipa, inabaki 12. Na bado hatujahesabu siku walizofanya kazi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hawa daftari walikuwa nalo. Lililokosekana ni safu zake. Tangu siku hiyo nachora safu tano: kilichouzwa taslimu, kilichokopeshwa, kilichokwenda nyumbani, fedha iliyotoka, fedha iliyomo koponi. Safu ya tano hujazwa kwa kuhesabu fedha kwa mkono. Ukiipata kwa kujumlisha zile nyingine, haitakuonyesha kilichopotea.

Mambo ya kuangalia:

Bidhaa iliyokwenda nyumbani iandikwe kwa bei ya kuuzia, maana ingeuzwa. Wapo wanaopendelea bei ya gharama, nami hukubali pale tu bidhaa ilipokuwa inaelekea kuharibika.

Usimkemee aliyechukua. Mama mwenye watoto atachukua tena, na akiogopa atachukua kimya kimya. Unachotaka ni kuona jambo hilo likiandikwa.

Tenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani kwa makopo mawili halisi, yenye vifuniko. Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walilinganisha mafunzo ya uhasibu wa kawaida na kanuni rahisi za namna hii kwa wafanyabiashara wadogo wa Jamhuri ya Dominika. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, kanuni rahisi ndizo zilizoboresha utunzaji wa hesabu, ilhali uhasibu wa kawaida haukuleta badiliko la maana. Fedha ikihama kutoka kopo moja kwenda jingine, iachiwe kikaratasi cha deni.

Kwa wasiosoma, tumia vifuniko vya chupa. Kila bidhaa ina kifuniko chake, na kila kifuniko huishia kwenye kopo la mauzo, la mikopo au la nyumbani. Kwa asiyeona, makopo yatofautiane kwa umbo. Njia hii ni nzuri kiasi kwamba sasa naianza hata na wanafunzi wanaosoma vizuri.

Programu za simu naziacha hadi mwezi wa pili. Najua wengi wanazipenda. Ila programu inapojumlisha yenyewe, mwanafunzi haoni mahali fedha ilipopotelea, na hapo ndipo somo lilipo.

Mwisho wa hatua hii, gawa faida kwa idadi ya siku za kazi za watu wote. Matokeo huwa madogo na huuma. Yaache yaume, kisha uliza: tupandishe bei, tupunguze gharama, au tuuze kitu kingine?

Hatua ya 6: Kikao cha tafakari

David Kolb alieleza mwaka 1984 mzunguko wa kujifunza wenye sehemu nne: kutenda, kutafakari, kupata kanuni, kujaribu upya. Wawezeshaji wengi huishia kwenye kutenda. Fanya kikao siku ileile au kesho yake, na azungumze kwanza yule aliyeuza kidogo kuliko wote, akipenda.

Hatua ya 7: Mzunguko wa pili, na akiba

Rudia yote, mara hii bila kuwaelekeza. Utafiti wa wafanyabiashara wadogo 1,500 nchini Togo, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba waliofunzwa kuchukua hatua wenyewe, bila kusubiri kuambiwa, faida yao iliongezeka kwa asilimia 30. Kwa waliopata mafunzo ya kawaida ya biashara ongezeko lilikuwa asilimia 11, dogo kiasi cha kutoweza kutofautishwa na bahati. Kwa hiyo wakikuuliza "tufanye nini?", waulize wao wamefikiria nini, kisha subiri. Ukimya wa dakika mbili hauui mtu.

Faida ya mzunguko huu iingie kwenye akiba ya kikundi. Utaratibu ninaoutumia ni wa vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo shirika la CARE lilivianzisha Niger mwaka 1991: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mtunza sanduku asiwe na ufunguo wowote. Fedha ihesabiwe kwa sauti mbele ya wote. Wewe mwezeshaji usishike ufunguo, hata wakikuomba.